Lukelo, Hukuingia Shimoni kwa Ajili ya Mkaa

Iyunga, Mbeya

Kaka Lukelo,

Kamwene, mtani wangu. Nimekaa juu ya debe nje ya chumba nilichopanga, daftari liko gotini, na hasira niliyo nayo nikimpa mtu aliye hai atanikimbia. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Jana nimepata barua ya mkeo. Ameandika Upendo kwa niaba ya mama yake, na mwandiko wa huyo mtoto unanishinda mimi niliyeishia darasa la nne. Anasema nyapara amepeleka maneno kwenye kamati ya wafanyakazi pale kiwanda cha mbao. Eti hukufia kazini. Eti uliingia shimo la choo kwa shughuli zako, kutafuta mavi ya kupikia mkaa wako. Utaratibu wa pale unaujua: mjane wa aliyefia kazini anabaki na nyumba na shamba, mjane wa aliyekufa kwa mambo yake anafungasha. Kamati inakaa Jumamosi. Mama Upendo akishindwa, anatoka na watoto watatu, na mahindi yenyewe hayajakomaa.

Mahindi yako, Lukelo! Kipande kile walikupa kwa dharau, udongo mwekundu mgumu ambao hata magugu yaliukataa. Upendo anasema sasa mtu akiingia katikati haonekani. Nyapara aliyekuwa akitema mate akipita pale, leo analitaka shamba. Mavi yalinuka yalipokuwa kazi yetu. Yalipogeuka mahindi, harufu imeisha.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza na wewe pale Nyololo. Ukungu ulikuwa umelala hadi juu ya paa la kiwanda, nami nilikuwa natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Tulikuwa tukichota vyoo vya kambi, tunachanganya na unga wa mbao, tunaanika bandani mpaka vikauke. Kisha unavijaza kwenye pipa, unafunika, unawasha moto kwa nje. Ukaniacha nilinde pipa. Mimi nikakumbuka kwetu Usukuma, ambako kuni ni shida na tunakoka moto wa kinyesi cha ng'ombe ukiwa wazi. Nikafunua mfuniko ili moto upumue. Uliporudi ukachungulia ndani, ukanitazama. "Msukuma, nimekuachia mkaa, umenipikia jivu! Ng'ombe wenu wanajua mnachowafanyia?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukanifundisha upya, polepole, bila kunitukana: mkaa unataka kunyimwa hewa. Moshi mzito ukiisha na kubaki mwembamba, fukia kwa udongo, subiri.

Mkaa huo haukuwa wa jikoni, ulikuwa wa kurutubisha shamba, na ulisema uliyaona hayo kwa baba yako. Alikuwa mchoma mkaa, na palipokuwa na tanuri lake la zamani mahindi yalikuwa marefu kuliko kwingine kote. Ukajiuliza, kama mkaa wa mti unafanya hivi, itakuwaje ukipika na mavi ambayo tayari ni mbolea? Mtu hajasoma, lakini alijiuliza. Mimi nikaongeza langu moja: tuuloweke mkaa kwenye mkojo wa ng'ombe kabla ya kuutia shambani. Ukasema, "Kumbe Msukuma ana kichwa, nilidhani ni cha kubebea ndoo tu."

Wapasua mbao walikuwa wakituita wapishi. "Wapishi, leo mnapika nini?" Nawe unawajibu, "Mboga yenu ya juzi, mmeisahau?" Wanakimbia wakicheka. Mkaa wenyewe ulikuwa mweusi, mwepesi, haunuki chochote. Ulinipa kipande nikakivunja kwa vidole, kikalia kama ganda la yai.

Sasa nataka niandike ya ile siku, maana sijawahi kuyasema yakiwa yamenyooka.

Ndoo ya kampuni tuliyokuwa tukichotea ilikatika kamba ikaanguka katika shimo la choo cha nyumba ya wakubwa. Asubuhi, jua limeshatoka. Wageni walikuwa wanakuja, nyapara anahangaika, anataka mtu aingie aitoe ndoo kabla hawajafika. Sisi tulikuwa na desturi yetu: shimo likifunguliwa linaachwa wazi nusu siku, kisha tunashusha koroboi. Ikizimika, hewa ya mle inaua, haingii mtu. Nyapara akasema hana nusu siku. Ukaniambia nikalete koroboi angalau. Nikaenda stoo, mafuta ya taa hakuna, nikakimbia hadi kwako kwa Mama Upendo. Narudi, nakuta nyapara amesimama peke yake, leso puani. Nikauliza Lukelo yuko wapi. Alionyesha kwa kidole, chini.

Nina hasira na wewe pia, nisikufiche. Ulinituma koroboi, kwa nini hukuningoja? Alikuambia nini ambacho hukuweza kukikataa? Wewe uliyenifundisha kusubiri!

Na nina hasira na mimi. Msibani kwenu Ipogolo mimi ndiye nilikuwa mtani. Kwa desturi mtani anasema lolote mbele ya kaburi na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Nikaona hapa ndipo pa kumsema nyapara, na yeye yupo, amekuja na lori la kiwanda. Nikavaa viatu vyako vya mpira, nikaweka leso puani, nikasimama ukingoni mwa kaburi lako nikaita, "Ingia, Mhehe, ingia! Ndoo ya kampuni ni adimu, Wahehe wako wengi!" Watu wakaangua kicheko. Shangazi zako walicheka huku wanalia. Na nyapara, Lukelo, nyapara naye alicheka. Nilikuwa nimeutoa ukweli wote, nao wakaupokea kama utani, kwa sababu niliuleta kwa mlango wa utani. Mtu wa kamati aliponiuliza baadaye, nyapara akadakia, "Huyu? Si mlimwona msibani, mchekeshaji." Wiki ileile nikaambiwa kazi yangu imekwisha. Nikapanda lori la mbao hadi huku Mbeya, nikanyamaza. Nachimba mashimo ya watu, nalala. Huo ndio uanaume wangu tangu ulipokufa.

Lakini barua ya jana imenitoa usingizini. Kuna jambo moja ambalo nyapara hakulifikiria, kwa kuwa hakuwahi kuingia bandani kwetu. Siku uliyokufa, banda lilikuwa limejaa mavi makavu hadi mlangoni. Yangetutosha kupika mapipa kwa mapipa mpaka mvua za mwaka mwingine. Mtu mwenye ghala lililojaa anaingia shimoni kutafuta nini? Mama Upendo anasema bado yapo, hakuna aliyethubutu kuyagusa. Kamati ije iyaone kwa macho yake.

Basi lala, kaka. Udongo wa kwenu usikuelemee. Ijumaa naondoka hapa Iyunga, na kama kazi yangu itapotea kwa ajili hiyo, ipotee. Nakuahidi Jumamosi nitasimama mbele ya kamati, nyapara akiwa ananitazama, nitaanzia kwenye ndoo na kumalizia kwenye kidole chake. Atakayecheka, nitamngoja amalize. Kisha nitayasema tena tangu mwanzo.

Mimi mtani wako,
Masanja