Miguu Minne ya Tenki la Maji

Nyanungu, Tarime

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, mguu wa kushoto umepunguza kukusumbua, na ile miwani mpya umekubali kuivaa. Dada Pili aliniambia umeifungia kabatini eti inakufanya uonekane kama karani. Nakuomba uivae leo tu, kwa sababu barua hii nataka uisome mwenyewe. Usimpe Pili akusomee. Mimi huku ni mzima, ila kifua kinabana kidogo asubuhi kwa baridi ya milimani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Baba, kwa simu tunakujua. Ukiulizwa jambo usilolipenda, mtandao wa huko unakuwa mbaya hapo hapo. Ndiyo maana nimenunua bahasha.

Huku mahindi yamebeba vizuri na ng'ombe wamenenepa. Bado nafundisha jiografia kidato cha kwanza na cha pili. Watu wa huku nimewazoea. Mwaka wa kwanza nilidhani kila anayeniongelesha ananigombeza, kumbe ndivyo wanavyoongea, na yule yule aliyekukaripia leo, kesho anakuletea mkungu wa ndizi mpaka mlangoni na hataki hata asante. Nimewapenda. Hilo nalisema mapema ili uelewe kwa nini niliwashirikisha katika jambo la nyumbani kwetu.

Jambo lenyewe lilianzia darasani. Nilikuwa nafundisha usafirishaji, mwanafunzi mmoja akauliza treni ina ukubwa gani. Nikauliza nani amewahi kuiona. Hakuna aliyenyoosha mkono, na huku reli haipo, hata wazazi wao wengi hawajaiona. Basi nikakata kopo la mafuta ya kupikia nikatengeneza behewa. Mwita, fundi wa kuchomelea mwenye banda karibu na geti la shule, alilichukua akaligeuza geuza. "Mwalimu, hiki ni kibanda cha kuku au nini?" Jumamosi iliyofuata alikuwa ametengeneza lake, zuri kuliko langu mara kumi, na amenisubiri mlangoni nilione.

Hivyo ndivyo chama chetu kilivyoanza. Tuko wanne. Yupo huyo Mwita. Yupo Ghati, mama anayepiga picha za pasipoti na za harusi pale senta. Yupo Mzee Marwa, mfugaji, ambaye mikono yake haiwezi kukaa bila kisu na kipande cha mti, anatuchongea watu na nguzo. Na mimi, ambaye peke yangu nimewahi kupanda treni. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunakutana kwenye stoo ya Mwita. Reli ni spoku za baiskeli zilizonyooshwa, mataruma ni vijiti vya kiberiti, magurudumu ni vizibo vya soda. Mwita aliweka usukani kwenye kichwa cha treni. Nilipomwambia treni haina usukani alikataa wiki mbili nzima, akiniita mura, yaani kijana kwa lugha yao. "Mura, sasa dereva anafanya kazi gani?" Mzee Marwa naye alitaka stesheni iwe na zizi.

Ghati ndiye aliyetufundisha kupiga picha. Ukipiga kwa juu, unaona meza na takataka za Mwita. Yeye anapiga magoti, anageuza simu kichwa chini ili jicho la kamera liguse ubao, anaegemeza bati jeupe upande wa pili lirudishe mwanga wa mlangoni. Halafu unaitazama picha na unaapa ni stesheni ya kweli, na wewe umesimama kwenye tuta la reli. Mara ya kwanza aliponionyesha, nilisikia harufu ya grisi ya koti lako la kazi ya reli. Siku ile ndiyo wazo likaniingia.

Sasa Baba, niruhusu niseme ile siku ya Bwana Kasimu kama ninavyoijua mimi, maana nyumbani haijawahi kusemwa yote. Mlikuwa mnapanga mabehewa ya mizigo pale stesheni yetu. Bwana Kasimu, rafiki yako, aliingia katikati ya mabehewa mawili kuyaunganisha. Bendera ilikuwa mkononi mwako. Uliinua ya kijani, dereva akarudi nyuma, na Bwana Kasimu akafia pale katikati. Nilikuwa darasa la tano. Tangu siku hiyo marehemu mama alikuwa na sentensi moja ya kueleza kwa nini hukumwona: "Tenki la maji lilimziba." Baba mdogo akaisema, majirani wakaisema, wakubwa waliokuja kuuliza wakaiandika. Wewe ukaacha kazi mwaka huo huo. Honi ikilia unaingia ndani. Kwenda msikitini huifuati njia ya karibu, kwa kuwa inapita mlangoni kwa mjane wake, unazunguka hadi kule kwenye kisima cha zamani, na mguu huo.

Nilitaka kukupunguzia. Nilifikiri nikiijenga stesheni yetu kwa vipimo vya kweli, nikamweka Bwana Kasimu pale alipokuwa na wewe pale ulipokuwa, Ghati akashusha simu mpaka kwenye macho yako, picha itaonyesha tenki limemziba. Ningeitia kwenye fremu nikuletee, uitundike ukutani, upite njia ya karibu kama watu wengine.

Nilimwomba Dada Pili aende stesheni akapime kwa hatua. Usimkasirikie, nilimwambia ni kwa ajili ya wanafunzi. Tenki la enzi za mvuke walishaling'oa, lakini misingi yake ya saruji ipo, na nguzo ya taa uliyokuwa unasimama chini yake ipo. Alipima yote. Akanitumia na mfuko wa mchanga wa huko kwa basi, maana udongo wa huku ni mwekundu. Hatua yake moja tukaifanya upana wa kidole kimoja, na mtu mzima akawa vidole viwili na kidogo. Mzee Marwa alikuchonga wewe ukiwa na mkono juu. Alimchonga na Bwana Kasimu, ameinama.

Tenki alilitengeneza Mwita. Alikata kopo la maziwa, akalipaka rangi, akalisimamisha juu ya ubao, chini kabisa, kama matenki ya plastiki yaliyoko nyuma ya nyumba za walimu. Yeye hajawahi kuona tenki la reli. Mimi nimeliona, Baba. Lilikuwa juu ya miguu minne ya chuma. Nilikuwa napita chini yake kila siku ya Mungu nikikuletea chakula. Nilimwona Mwita akiliweka chini, nikafungua mdomo, nikaufunga.

Ghati akapiga. Tenki lilimziba Bwana Kasimu hata kofia haikuonekana. Nililia mbele za watu wazima bila aibu. Mwita alinipigapiga begani akasema tata wangu, yaani wewe Baba, sasa atalala usingizi. Niliagiza isafishwe kubwa, na fremu nikaenda kuichagua Tarime mjini mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata Mzee Marwa alikaa akiitazama meza muda mrefu, amekunja uso. Yeye kila siku ananywesha ng'ombe, anajua maji yanavyotembea. Akauliza, "Mwalimu, hili tenki lilikuwa la kunyweshea hicho kichwa?"

Nikasema ndiyo, zamani, treni zilipokuwa za mvuke.

"Na kichwa kinaingiziwa maji kwa juu?"

"Kwa juu, Mzee."

"Sasa maji yalipandaje? Maji hayapandi."

Mwita aliacha kupiga nyundo. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kujua. Ningeweza kudanganya pale, nikasema kulikuwa na pampu. Baba, neno pampu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini yule mzee alikuwa ameuliza kwa moyo safi, na nilishindwa. Nikasema lilikuwa na miguu, mirefu kuliko mtu.

Hakuna aliyenigombeza, nao ni watu wa kugombeza. Mwita alichukua misumari minne, akaichomelea chini ya kopo. Akalirudisha mahali pake pale pale, hatua zile zile za Pili. Ghati akapiga magoti, akageuza simu. Alikaa hivyo bila kupiga. Halafu akapiga, akanipa simu, akatoka nje.

Anaonekana, Baba. Katikati ya miguu ya tenki, kwa macho yako, Bwana Kasimu anaonekana kuanzia kichwa hadi viatu.

Nilikaa kwenye gogo la Mwita nikaanza kujitetea. Nikasema labda dada alikosea kuhesabu, labda nguzo ya taa ilihamishwa, labda siku ile kulikuwa na behewa jingine mbele. Nikasema tutabomoa tujenge upya. Ghati aliporudi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Mwalimu, umejenga stesheni nzima ili usimwulize baba yako swali moja."

Nimelala na maneno hayo wiki tatu. Nimejaribu kukumbuka siku hata moja ambayo wewe, kwa mdomo wako, ulisema tenki lilimziba. Sikuipata. Mama ndiye aliyesema. Baba mdogo alisema. Wewe ulikuwa unatazama chini, au unaondoka barazani. Watu waliokupenda waliliweka tenki chini, nawe ukanyamaza. Siwezi kukulaumu kwa hilo, kwa sababu mimi nimefanya vile vile juu ya meza, kwa kopo la maziwa, bila mtu yeyote kufa.

Basi nauliza, kwa heshima zote za mtoto kwa baba. Siku ile ulimwona? Ulikuwa unatazama kwingine? Ulidhani ameshatoka? Sikuulizi ili nikuhukumu. Nauliza kwa sababu naona umebeba kitu peke yako miaka yote hii, na sisi wanao tumekuwa tukikuongezea kila tulipokusaidia kwa ile sentensi ya mama. Naogopa utakufa nacho. Nimeliandika neno hilo nikalikata, nikaliandika tena. Naogopa, Baba. Jibu lolote litakalokuja, likizo ya Desemba nipo nyumbani, na nitakula na wewe sahani moja kama kawaida.

Nimeweka picha zote mbili humu ndani, zimefunikana. Ile ya tenki lililokaa chini nimeandika nyuma yake kwamba ni uongo wangu. Ile nyingine sikuandika kitu. Fremu nimemrudishia mwenye duka.

Chama bado kinakutana. Wameanza kujenga daraja upande wa pili wa meza, na Mzee Marwa amepata zizi lake hatimaye. Ila upande wa stesheni yetu hakuna anayegusa. Treni imesimama pale pale kabla haijarudi nyuma, na wewe umeinua mkono. Juzi mgeni mmoja alitaka kuisukuma aone inavyotembea, Mwita akamshika mkono. Akamwambia, "Subiri. Mwenye bendera hajasema."

Nisalimie Dada Pili, mpimaji wangu, na umwambie ukweli hatua zake zilikuwa za nini, maana nilimdanganya na yeye. Nisalimie baba mdogo Hamisi na mkewe, shemeji fundi cherehani na watoto wake wote, na yule mzee wa mkokoteni anayekuletea maji. Mwalimu wangu wa madrasa, kama bado yuko hai, mwambie ninaswali ingawa huku msikiti uko mbali.

Imebaki salamu moja. Tangu nijue kuandika, katika kila barua niliyotuma nyumbani nimewasalimia majirani wa mtaa wetu wote mpaka muuza vitumbua, na nyumba moja nimeiruka. Safari hii siiruki. Mfikishie salamu zangu Bi Zaina, mjane wa Bwana Kasimu. Njia ni ile ya karibu. Kama peke yako ni ngumu, usijilazimishe, ningoje. Desemba tutaipita wawili.

Mimi mwanao,
Rajabu