Radi Haikukuogopa, Papa

Papa wangu mzazi,

Toka Lubumbashi mpaka Pweto hakuna mshairi wa kunifikia. Nikisimama kando ya ziwa nikasoma mistari miwili tu, samaki watatoka majini wenyewe, wajipange juani, wajikaushe. Usicheke. Nimesoma miaka sita, lakini waliosoma kumi na miwili wananiletea barua zao za mapenzi nizitie sukari.

Unakumbuka nilipotunga nyimbo za animasyo, watu wa kompani wacheze na kusifu chama? Nilikusomea mmoja jikoni, umetoka kazini, miguu imo ndani ya beseni. Nilisema kiongozi ni jua, ni mto, ni mlima. Ukasikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto, ile maneno iko muzuri sana. Lakini ndani yake iko nani?"

"Papa, iko kila muntu!"

"Basi haiko muntu."

Nilikutania wiki nzima: mumimina shaba na mashairi wapi na wapi! Ukanijibu kwamba shaba ikitoka tanuruni inang'aa yote, nzuri na mbaya; ndiyo maana mnakata kipande, kinapelekwa kupimwa. Nikaona maneno ya wazee.

Halafu kapita wenu, msimamizi wa tanuruni, akafariki, nikamwimbia kasala mimi. Wewe mwenyewe ulinifundisha kazi ya wimbo huo: marehemu anaitwa kwa sifa zake, kwa jina la mama yake na kijiji chake, asikie kwamba ni yeye, afike kwa wakubwa waliotangulia akijulikana. Nikaita: Simba wa moto! Radi inakuogopa! Watu walilia mpaka wakalegea.

Miezi miwili tu, ikawa zamu yako. Asubuhi ya mazishi nilikaa na karatasi, mimi mkubwa wa washairi, lisitoke neno. Nje wakaanza kuniita. Nikasimama kando ya jeneza: Simba wa moto! Radi inakuogopa! Wakaitikia matanga mazima. Na nilisikia raha, Papa. Mbele yako, nilisikia raha.

Mama akanivuta shati. "Ule unaita, iko nani?"

"Iko Papa."

"Papa yako, radi ikipiga, alikuwa anaingia chini ya meza. Yeye na weye. Anakufunga masikio."

Akarudi kukaa kwenye mkeka wake, akageukia ukuta.

Sasa ninaandika upya. Simba nimemfukuza. Nimeweka meza, mvua juu ya mabati, mikono yako yenye harufu ya moshi kwenye masikio yangu, nawe unatetemeka kunishinda. Mistari haina sukari. Lakini nimejaribu kumtia kapita ndani yake, amekataa kuingia. Nadhani ndicho kipimo ulichonieleza, na mimi nikacheka.

Mama hajaomba nimsomee. Na mimi sijathubutu, kwa sababu ya jambo moja. Mama hakulisema, wala watu wa matanga hawakulisema, ingawa wote walisikia.

Sifa zile nilizijua kwa moyo, mdomo ukakimbia nazo wenyewe. Nilipofika pa kutaja mama yako, bibi yangu wa Lukafu aliyekubeba mgongoni, nilitaja mama wa kapita. Nikamtaja kwa sauti yangu yote. Ukashushwa kaburini unaitwa mtoto wa mwanamke usiyemjua.

Ni mimi,
mutoto wako wa chini ya meza