Kucheka kwa Amri

Garissa, 18 Februari 1967

Kwa dada yangu Rahmo,
Mombasa.

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na watoto, na shemeji pia, kama bado anakohoa usiku kucha bila kupona wala kutupumzisha. Mama mpe mkono wangu, mwambie kila lori lilipotumbukia shimoni niliukumbuka mgongo wake, maana sasa na mimi ninao kama huo. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Nimekonda, nimeungua jua, midomo imepasuka, lakini sauti bado ninayo.

Najua macho yako yameshatangulia kutafuta jina la Hirsi. Tulia, abaayo, dada yangu. Mama alinituma nimwone kaka yetu, na habari zake ninazo. Nikikupa hizo kwanza hutaelewa zilizobaki, utanitukana bure, na mimi matusi ya bure siyataki. Soma kwa utaratibu, tena soma peke yako. Barua nimempa Dubow, dereva wa lori la ngozi, akuletee mkononi, kwa sababu zinazopita posta hufunguliwa. Ukimaliza ichome.

Kundi letu ni sisi watatu. Amino ndiye mkubwa wetu na ndiye mpiga kinanda, Sahara anapiga tari na kuimba, na mimi, kama kawaida yangu ya mdomo, nasoma visa vya kuchekesha. Kule Mombasa tulipokuwa tukivunja watu mbavu kwenye harusi, nani angefikiri serikali ingetuona? Alikuja bwana mmoja akatuambia vijiji vya huku vina huzuni, watu wametolewa malishoni na kukusanywa ndani ya seng'enge, ngamia wao wameisha, na sisi akina mama wa Kisomali tunaojua lugha yao tungefaa kuwachangamsha. Amino alikubali kwa sababu anapenda kupigiwa makofi. Mimi nilikubali kwa sababu ya Hirsi.

Afisa tuliyekabidhiwa hapa tumempa jina la Bwana Miwani. Si mtu wa kelele. Ana adabu, anatuletea chai mwenyewe, anauliza kama tumelala vizuri. Kisomali hajui hata cha kuombea maji. Kisa changu nilimwandikia kwa Kiswahili, akakisoma chote, akakipitisha. Ni kisa cha mpumbavu mmoja ninayemwita Gesi, maana yake jasiri, ambaye amekwenda msituni kupigana na serikali na kila kitu kinamtisha, hata kivuli chake. Bwana Miwani alicheka, akasema ndiyo dawa yenyewe.

Kijiji cha kwanza ndipo nilipoielewa hiyo dawa. Askari waliwatoa watu vibandani kwa fimbo, wakawakalisha juani kwa mistari, wanawake upande huu, wazee upande ule. Nilipoanza kusoma, Bwana Miwani hakunitazama mimi. Alipita katikati ya mistari polepole akitazama watu midomo. Maneno hayajui, kwa hiyo anatazama meno. Asiyecheka, alituambia baadaye kwa sauti yake ile ya upole, ana mtu wake huko msituni, na mwenye mtu msituni anapandishwa lori jingine. Siku hiyo walipandishwa wanawake wawili na mzee mmoja. Mwanamke mmoja alikuwa na jino bovu, shavu limevimba kama andazi, hata angetaka kucheka asingeweza. Nilimwambia Bwana Miwani hivyo. Alinishukuru, lori likaondoka. Mpaka leo hakuna aliyewaona.

Utaniuliza kwa nini hatukurudi nyumbani. Dada, turudi kwa miguu? Vibali vyetu anavyo yeye. Nilichofanya ni kusoma kwa bidii zaidi, maana nikichekesha vibaya mtu anapandishwa lori. Sijawahi kuiogopa kazi yangu namna hiyo.

Kijiji cha pili kiko nje ya mji, upande wa Galbet. Nimekaa tu jukwaani, ambalo ni meza mbili za kantini, nikamwona Rukiyo, mke wa Hirsi. Yuko mstari wa tatu. Nilitaka kumpungia mkono kama mjinga, nikajizuia. Kisha nikamtazama vizuri. Alijifunika shuka nyeusi, lakini chini, kwenye miguu, ilionekana nguo nyeupe. Mikono haina hina. Shingo haina hata ushanga. Wewe ni mwanamke wa kwetu, Rahmo, nguo hiyo unaijua. Nami niliijua pale pale, karatasi mkononi, kinanda cha Amino kinapiga.

Ndiyo, dada yangu. Hirsi wetu amekufa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Weka barua chini kidogo, halafu uendelee, maana mimi sikupewa nafasi ya kuweka chochote chini.

Rukiyo alikuwa katika eda. Mwanamke wa eda hatoki nyumbani, hajipambi, hasikilizi ngoma, sembuse kucheka. Wale waliokufa msituni wake zao hukaa eda kwa siri, kwa sababu nguo nyeupe inaiambia serikali mume alikuwa wapi. Na yeye alikaa juani, midomo ameifunga, anatazama mchanga. Aliamua kuitimiza eda yake liwe liwalo. Bwana Miwani yuko mstari wa kwanza, anageuka, anaingia wa pili.

Nikaacha kusoma karatasi. Nikamvua Gesi uoga wake wa kubuni nikamvika wa Hirsi. Nikasema Gesi aliogopa kuku, alipofika Mombasa kwa shangazi yake kuku aliingia chumbani naye akapanda juu ya kabati akipiga kelele aletewe mkuki. Watu wakaangua kicheko. Rukiyo akainua uso. Nikaendelea na usiku wa harusi. Unakumbuka Rukiyo alivyotusimulia mwenyewe, sisi wanawake tu, mlango umefungwa, tukalia kwa kucheka? Bwana harusi alisinzia ameketi, ndala miguuni, na alipoguswa bega akaruka akauliza nani ananywesha ngamia. Hicho ndicho nilichokimwaga mbele ya kijiji kizima, mbele ya wazee, na askari wamesimama.

Alinitazama. Sitakuambia alivyonitazama. Halafu akacheka. Kilimtoka kicheko cha kukohoa, kikakua, akajipiga mapaja, akainama mpaka shuka nyeusi ikamporomoka na nguo nyeupe ikaonekana yote. Bwana Miwani alikuwa ameshafika kwake. Meno ameyaona, akampita. Lakini wanawake wa kijiji waliona nyeupe. Bibi mmoja aliyekaa naye mkeka mmoja aliuvuta mkeka wake akasogea mbali. Mjane anamcheka mumewe kaburi halijakauka! Hilo ndilo walilolisema, na hawajaacha kulisema.

Nilidhani yameisha. Wapi! Bwana Miwani alipendezwa mno. Alisema hajawahi kumsikia mwanamke anayecheka vizuri hivyo, na kwamba mwanamke huyo atembee nasi kila kijiji, akae mbele, aanze kucheka ili wengine wafuate. Akaagiza apewe kiti. Basi Rukiyo anapanda lori letu, mwanamke wa eda, anazungushwa mchana kutwa kwenda kumcheka mumewe.

Njiani hakunisemesha. Sahara alimpa maji, akapokea. Mimi nilimpa, akayamwaga. Kisha asubuhi moja alinijia mwenyewe akaniambia Hirsi alivyokufa. Bunduki hawakumpa, walimwona hafai, wakampa kazi ya kuchunga punda wa maji. Punda mmoja alikata kamba akakimbia na viriba vyote, Hirsi naye mbio nyuma yake anamtukana, mpaka wakatokea wote wawili mbele ya askari. Wakapigwa risasi wote wawili. Amezikwa karibu na bwawa la zamani, juu yake mawe, na waliomzika hawakuwa na maji ya kumwosha. Aliponieleza hayo hakulia. Alisema niyatie kwenye kisa, bwawa nilitaje kwa jina, kwa sababu kijiji tunachokwenda yuko mjomba wetu, abti Sugow, na ndugu wa mama hana mtu mwingine wa kumpelekea habari.

Nikasoma, Rahmo. Gesi anakimbia, punda anakimbia, viriba vinamwaga maji njia nzima. Abti Sugow amekaa mbele na wazee. Nilipoyataja mambo ya kuku aligutuka. Nilipolitaja bwawa alinikazia macho, kisha akamtazama Rukiyo kwenye kiti chake, anacheka kama alivyoamriwa. Bwana Miwani akasimama mbele yake. Abti akafungua mdomo ule usio na meno akacheka. Machozi yalimtiririka mpaka ndevuni, naye anacheka tu, na mstari mzima ukacheka naye. Hiyo ndiyo tanzia ya Hirsi, nyingine hakupata.

Sasa nikuambie lile ambalo Amino halijui. Kicheko kile kilipopanda, cha watu wote kwa pamoja, nilifurahi. Uongo dhambi. Nilisimama pale nikasubiri kitulie ndipo niseme neno linalofuata, kama tunavyofanya harusini, nikaliongezea chumvi ili wacheke tena. Punda nikamlilisha mwenyewe kwa sauti yangu. Kaka yetu alikuwa anakufa mdomoni mwangu na mimi nilikuwa nafurahi jinsi ninavyojua kazi. Nililazimishwa kusoma, hilo kweli. Kufurahi hakuna aliyenilazimisha.

Kesho tunaanza safari ndefu ya kaskazini, vijiji vya Kutulo na Lafey. Nikikataa kusoma, Rukiyo anapandishwa lori lile jingine, kwa hiyo nitasoma. Mama mwambie wewe, mimi sina mdomo wa kumwambia. Usimweleze kisa. Mwambie Hirsi alikufa akifanya kazi yake, kwani ndivyo ilivyokuwa, na mlieni mlango umefungwa, maana jirani yenu wa juu namjua.

Wabusu watoto. Shemeji mpe salamu, mwambie namwombea kikohozi kiishe. Mimi niombeeni dua. Rukiyo nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alisema nikuandikie kwamba anacheka.

Ni mimi mdogo wako,
Batula