Viatu vya Kwadi

Papa Neema,

Naandika nikikaa ku mulango, juu ndani ya nyumba siwezi kusikia barabara. Jana asubuhi Chantal, dada yako mudogo, alipanda kwadi yako, ile pikipiki ya magurudumu ine, akaenda Mongbwalu na makartoni ya dawa. Alilala kule. Leo njo anarudi. Nimefua kila kitu, hata nguo yenye haikuwa chafu, na mikono bado inatafuta kazi. Njo nikasema, acha niandikie mwenye kuijua ile njia.

Unajua masomo yangu iliishia ku primaire. Kama herufi zinapanda mulima, usicheke sana.

Ndiyo, kwadi imetoka. Tangu tukuzike nilikuwa nakatala. Niliifunika na bashi, turubai nzito, ufunguo nikauficha ndani ya ndoo ya unga ya muhogo. Chantal aliupata siku moja alikuwa anasonga bukari. Alikuja na ule ufunguo mweupe mu mukono, akaniambia: "Mama Neema, ulitaka tuukule?" Nilicheka, kisha nikaanza kulia, naye akakaa chini na mwiko wake, akangoja niishe. Akasema: "Kwadi ikilala itaoza. Na miye si mutu wa kuuza ndimu. Nipe ruhusa. Lakini viatu vyake utachagua weye."

Viatu. Hata yeye anasema viatu.

Unakumbuka? Tulikuwa bageni mu ndoa, hapa Bigo, na ile moto ya mapine ine ulikuwa umeinunua mbovu kwa muzungu mumoja alikuwa anarudi kwabo. Kwadi ya michezo, ya kukimbia mu mchanga, si ya kubeba mizigo. Majirani balikuuliza: "Hii moto gani inachuchumaa kama chura?" Weye hukujali. Siku ya Samedi ulibeba nayo bibi-arusi kwa kupiga foto, na katikati ya juma ulibeba dawa mpaka Mongbwalu, kwenye magari inakwama. Lakini tumbo yake iko chini, karibu na mawe. Ulinipigia simu kutoka ku garaji: "Niletee sabo, iko nyuma ya mulango."

Nyuma ya mulango kulikuwa kipande cha aluminiumu, cha kukinga tumbo ya moteri, na mbele ya kile kipande kulikuwa viatu vyako vya plastiki. Miye nilijua sabo moja tu, ile ya miguu. Nilivifunga vizuri mu kitambaa, nikatembea navyo mu jua mpaka ku garaji. Muzee Anselme, fundi wako, alifungua kile kitambaa, akaviangalia. Kisha akaita bafundi bote: "Kujeni muone! Mwanamuke ameleta viatu vya moteri!" Mumoja alicheka mpaka akaanguka kutoka ku bido ya mafuta alikuwa amekalia. Nilitaka ardhi inimeze. Weye ulichukua kiatu kimoja ukakiingiza chini ya moteri, ukapima, ukasema: "Iko namba yake. Asanti, mama."

Toka siku ile, kila asubuhi ya safari nilikuuliza ku mulango: "Umeivalisha viatu?" Na weye ulijibu: "Nimeivalisha, na kamba nimefunga." Kamba, njo bulo, zile skurubu za kuishika. Hata asubuhi ya mwisho ulijibu vile.

Ulivalisha, Papa Neema. Muzee Anselme aliigeuza kwadi baadaye, akanionyesha. Sabo ile ya aluminiumu ilikuwa vipande viwili vimeungwa. Kile cha nyuma kilikuwa kimeshuka, mudomo wake unaangalia mbele. Kwa muteremuko kikakutana na jiwe, kikashika kama jembe. Kwadi ikasimama, na weye ukaendelea. Njo vile alisema, pole pole, akipangusa mikono na kitambaa, na ile mikono ilikuwa haina uchafu.

Sasa nikuambie kitu chenye sijaambia mutu. Ulikufa, lakini unarudi kila siku. Sauti yako inarudi. Ile kokoto yenye ilikuwa inaruka na kugonga sabo yako, ngo, ngo-ngo, ngo. Ilikuwa inakutangulia. Kabla moteri isikike vizuri, Neema alikuwa ameshasikia ngo-ngo na ameshafika ku mulango, mikono juu. Bado anafanya vile. Jirani akigonga tole ya paa, anakimbia. Mutu akiangusha sahani ya aluminiumu, anakimbia. Anasimama pale, anaangalia barabara, anaangalia sana, kisha anarudi na kuniangalia miye kama nimekuficha. Siye batu ba Djugu, wakati wa vita, tulijifunza kukimbia tukisikia sauti. Mutoto wangu anaikimbilia.

Na miye niko namna gani? Miye pia nasimama. Nasonga bukari, nasikia ngo, mukono unasimama hewani. Najua uko mu udongo, niliona. Lakini sikio haikuona.

Basi tulienda ku garaji kuchagua. Neema nilimubeba mu mugongo, alikuwa amelala. Muzee Anselme alipanga sabo tatu chini. Ya kwanza yeye mwenyewe alikuwa ameikata ku mulango wa lori ya zamani: chuma, nzito, tuliiinua Chantal na miye pamoja. "Hii haitapasuka mpaka mujukuu wa Neema," alisema. Chantal akamujibu: "Muzee, na kwadi nayo itatembea lini? Itabaki inakokota hii kama ngombe na jembe." Ya pili aluminiumu, nyepesi, inangaa, ndugu ya ile yako kabisa. Ya tatu ilitoka Kampala, plastiki nyeusi, nene kama kidole changu kikubwa. Muzee aliisukuma na muguu: "Hii ya mwisho ni beseni. Batu banaogea ndani."

Nilichukua jiwe nikagonga ya chuma. Ililia kizito, kama mulango wa stoo. Nikagonga ya aluminiumu.

Ngo.

Papa Neema, ulikuwa pale. Na Neema akaamuka ku mugongo wangu, hata macho hajafungua vizuri, akasema: "Papa anakuya."

Bafundi bakaangalia vyombo vyabo. Miye nikasema: "Hii. Tuchukue hii." Nilikuwa nimeshaikumbata ku kifua. Nilifikiri, Chantal akienda nayo, kila jioni utarudi, na mutoto atakuwa na sababu ya kukimbia.

Chantal hakunipokonya. Alisema tu, na sauti ya chini, kama kwa dada mukubwa: "Yaya, uko unachagua ya tumbo ya moto, ao ya masikio? Miye njo nitakaa juu yake."

Ile neno ilinipiga. Nilimuangalia, Papa Neema. Chantal iko na paji yako ya uso. Iko na miguu, na mikono, na meno yake yote. Nikaweka ile aluminiumu chini, nikaanza kuangalia kama mutu mwenye kuvalisha mutoto wake.

Nikauliza kama nilivyoweza. Mbele iko namna gani? Ya plastiki mudomo wake unapanda juu, ikikutana na jiwe inapita, haishiki. Iko vipande ngapi? Moja tu, toka mbele mpaka nyuma, hakuna mahali pa kushuka. Bulo? Vichwa vyake vinaingia ndani ya matundu, havitoki inje kukwaruza mawe na kukatika. Ya aluminiumu, vichwa vyote vilikuwa inje kama vipele. Na matope? Kuna matundu ya kuitoa, na moja kubwa ya kumwaga mafuta bila kuvua sabo. Muzee Anselme alikubali mwenyewe, ya aluminiumu ikigongwa sana inajikunja na inabaki imejikunja. Ile nyeusi inajikunja, inarudi.

Nikaigonga na jiwe. Tup. Basi. Kama kugonga godoro. Neema alikuwa ameshalala tena.

"Beseni," nikasema. "Tunachukua beseni." Muzee akatikisa kichwa, lakini alizifunga bulo mwenyewe, na akazirudilia zote.

Jana asubuhi, ku mulango, nilifungua kinywa kuuliza, na haikutoka. Chantal aliniangalia, akajibu tu, bila kuulizwa: "Nimeivalisha, Yaya. Na kamba nimefunga." Akaenda. Kokoto haikulia. Aliondoka kama mutu anatoka kanisani katikati ya maombi.

Toka saa ile nasikiliza. Shida njo hii, sijui tena nasikiliza nini. Ngo-ngo haitakuja, najua, miye njo niliinyamazisha. Na kila dakika natega sikio kwa kitu chenye nimekatala mwenyewe. Jua imefika ku paa ya jirani.

Ngoja.

Nimerudi kuandika. Nilikuwa naangalia hii karatasi, nikasikia mutu anakohoa. Chantal alikuwa ameshafika ndani ya parsele, ku kiwanja chetu, amezima moteri, vumbi mpaka ku kope. Sikusikia kitu. Alisema: "Huna hata maji ya kunipa? Unaandikia nani?" Nilipiga magoti mu mavazi yangu safi, nikaingiza mukono chini ya kwadi, nikapapasa tumbo yote. Sabo imekwaruzwa, mistari mirefu mirefu, kama mutoto amechora na chaki. Mbele kuna alama moja ya ndani sana, ya jiwe kubwa. "Ile ya muteremuko," Chantal alisema. "Ilinisukuma juu. Nikapita." Mukono wangu ulitoka na vumbi tupu. Hakuna hata tone ya mafuta.

Neema alikuwa ku mulango. Hakukimbia. Alimuangalia shangazi yake, akamupa kipande ya muhogo alikuwa anakula, na kwa mara ya kwanza, mutu aliingia kwetu na mutoto hakutafuta mwingine nyuma yake.

Nilishukuru Mungu, na iliniuma. Zote mbili kwa pamoja. Usinikasirikie.

Ile sabo yako ya zamani iko bado nyuma ya mulango, imejikunja. Upepo ukiingia inagonga ukuta, na siye bawili tunainua vichwa. Juma ijayo nitaipeleka kwa bafundi bale banayeyusha aluminiumu na kumwaga sufuria. Nitakuwa pale wakati inayeyuka, nakuahidi, sitaiacha peke yake. Isigonge tena mawe. Itupikie. Mwiko ukiigusa na ikalia kidogo, Neema atakimbia, na safari hii atapata chakula.

Na Chantal nitamuuliza kila asubuhi, hata kama sauti inakatala. Hiyo kazi ya ku mulango ni yangu, siitoi kwa mutu.

Weye, umefika, mume wangu. Hakuna tena mawe kule. Vua viatu, upumuzike.

Miye wako,
Mama Neema