Mahindi ya Mama Melini

Jumanne, melini

Na nilimkataza Mama kabisa asibebe chakula, maana kwenye meli hii ya kitalii kila kitu kimeshalipiwa. Akaficha mahindi ya kukaanga kwenye mfuko wa plastiki tangu nyumbani Rhotia, na leo mezani akaanza kuwagawia watalii kwa mkono, eti ni aibu kula mbele ya watu bila kuwakaribisha.

Safari yangu ya kwanza ya meli, inaharibiwa na mfuko wa rambo!

Mwanamke mmoja wa Dar akaniuliza huyu bibi ni nani. Nikamjibu, "Mfanyakazi wangu wa ndani." Mama akaendelea kutafuna tu.

Niliporudi chumbani nikakuta nguo zangu zote zimekunjwa. Mama amekaa sakafuni, kitanda chake hajakigusa.

"Bosi," akaniuliza, "kesho niamke saa ngapi?"