Mji wa Deo, Ng'ambo ya Mto

Haltom City, Jumatatu 1 Machi 2004
Kosa la watu wengi: wakisikia mji una watu mia nne, wanadhani wote wamelizunguka kanisa. Mashambani Ufaransa sivyo. Kanisa, meri, yaani ofisi ya mji, na duka la mikate viko bondeni na nyumba chache. Wengine wametawanyika vilimani, nyumba tano hapa, saba kule. Nilifundisha hivyo kwenye jiografia Bukavu miaka mingi bila kuuona mji kama huo. Sasa mdogo wangu Deo anaishi huko, ng'ambo ya mto, penye nyumba saba. Nachora ramani kutoka kwenye barua zake. Chai imepoa. Mto nimeupinda kupita kiasi.

Jumatano 3 Machi
Nimempigia Deo mara tatu. Kimya. Huenda upepo umekata waya. Nyumba za mwisho hutengenezewa mwisho. Najieleza kana kwamba niko darasani. Binti yangu Furaha alirudi kazini akaingia moja kwa moja chumbani. Hakuniuliza kama nimekula. Huuliza kila siku.

Ijumaa 5 Machi
Mke wa mchungaji ameleta sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Si sikukuu. Wengine wawili wa kanisa wametoka Lewisville, mji jirani, kuja kuzungumzia mvua.
Najua desturi yetu. Kifo hakitangazwi kwa simu. Watu hukusanyika kwanza, mzee huambiwa mwisho, akiwa ameketi na ameshiba. Nimewafanyia wengine hivyo. Naogopa.

Jumamosi 6 Machi
Nimemwita Furaha.
"Papa, kula kwanza."
"Nimekula. Deo amekufa lini?"
"Jumanne. Moyo." Akalia. "Tulikuwa tunamngoja Bahati afike kutoka Houston, tukuambie pamoja."
Namba ya Furaha ilikuwa ukutani kwa Deo. Meri walimpigia. Wanataka neno la ndugu mkubwa kuhusu maziko, mwisho Jumanne. Ndugu mkubwa ni mimi. Anayengojwa aseme ndiye aliyefichwa. Nina hasira. Sikupaza sauti.

Jumapili 7 Machi
Mwanangu Bahati amefika. Anataka mwili upelekwe Paris.
"Kule kuna watu wetu, Papa. Kwenye hicho kimji nani atamlilia? Ng'ombe?"
Nilikaribia kukubali. Ndipo Furaha akatoa la mwisho alilolificha: jirani, Madame Odette, alipiga simu. Watu wa nyumba saba wanapokezana kukaa na mwili wa Deo. Mmoja analisha kuku wake. Wanauliza alipenda wimbo gani.
Nimezisoma barua upya, zote. Deo aliwataja wote kwa majina, na nani mgonjwa, na nani kazaa. Mimi nilikuwa natafuta mto. Naona aibu.

Jumatatu 8 Machi
Nimemwambia Bahati mwili hauendi Paris. Ameondoka mezani. Basi.

Jumanne 9 Machi
Nimeamka mapema. Nimeandika majina kwenye ramani, kila nyumba na wenyewe. Ya Deo iko katikati. Siku zote niliichora pembeni. Makaburi yako nyuma ya kanisa, upande wa jua la asubuhi, aliandika hivyo. Bahati ameamka. Amenimiminia chai bila kuulizwa, akaweka kadi ya simu kando ya kikombe.
Meri hufungua saa nane mchana kwao, saa moja asubuhi kwetu.
Nitapiga simu saa moja, niseme Deo azikwe hukohuko, kwao.