Njia Moja Moja au Zote kwa Pamoja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mguu wa Baba uwe umepoa. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Kichwa ndicho kinachoniuma, wala si kwa baridi ya huku ng'ambo.

Mama, Jumatatu nina mtihani wa hizi mashine za kompyuta. Nikifeli, narudishwa nyumbani. Na swali lenyewe silielewi mpaka sasa.

Kazi ni kuitafutisha mashine: unaipa mfano wa maneno, nayo inayasaka katika maandishi marefu. Programu ziko mbili, nasi tuseme ipi bora. Ya kwanza ikifika njia panda inachagua njia moja, inakimbia nayo. Ikikwama inarudi palepale kujaribu nyingine. Siku ya bahati huwa upesi ajabu. Jana niliipa mstari mmoja mbaya, tukaenda kula, tukarudi, bado inazunguka. Ya pili inapita njia zote kwa pamoja, hatua kwa hatua, hairudi nyuma kamwe. Haikwami, ila inajikokota, na ikishapata haijui imepitia wapi.

Nikakumbuka barua ya kaka Athumani: mlipotoka shambani kuhamia kijiji cha ujamaa, mbuzi wetu akapotea. Baba akamtafuta njia moja moja hadi akaumia mguu, kisha watu wa nyumba kumi nzima wakamwagika porini kwa mara moja. Basi katika zoezi nikaandika kwa kujiamini kwamba programu ya pili ndiyo bora, maana ndiyo ya kijamaa! Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Selemani, mashine haina siasa. Mwenye kazi akitaka kujua njia iliyopitiwa, utamjibu nini?"

Nikafuta nilichoandika. Kila nikichagua hii, naona ile ndiyo.

Athumani anasema aliyempata mbuzi ni wewe. Hukufuata nyayo wala hukungoja watu. Ulikwenda moja kwa moja mahameni, ukamkuta amelala mlangoni pa nyumba yetu ya zamani. Mama, ulijuaje? Nijibu, hata kama mtihani utakuwa umeshapita.

Nisalimie Baba, kaka na shemeji, na shangazi aliyenifungia korosho za safari. Mwambie ziliisha kabla sijafika.

Nikirudishwa, msinisubiri hapo kijijini. Nyumba mpya siijui, sijawahi kuiona. Nitafute kulekule ulikomkuta mbuzi.

Mwanao,
Selemani